UZI: Pale Firehouse 51 zimamoto mwenyewe ni Herrmann, Severide mwachieni mabango

#1 Mwana wa Tandika (mleta uzi)

Salaam wakuu.

Kule kwenye uzi wa kura ya mhusika bora wa Chicago Fire, ile sizoni ya zimamoto wa Marekani, naona Severide anaongoza kwa mbali, Casey anafuata, waliobaki wanagombania makombo. Sikutaka kuharibu sherehe ya watu, nimekuja kufungua mlango wangu huku. Tahadhari: spoila zimejaa, kuanzia msimu wa kwanza mpaka wa 13. Kama bado uko njiani, pita kimya kimya.

Hoja yangu ni hii. Kwenye Chicago Fire nzima, mhusika aliyeandikwa kwa akili kuliko wote ni Christopher Herrmann. Severide akiingia kwenye jengo linalowaka moyo wangu unatulia, najua atatoka, maana sura yake ndiyo iko kwenye bango. Herrmann akiingia namuwaza mkewe Cindy, nawawaza watoto watano, nawaza ada. Yeye ndiye anayetukumbusha kwamba zimamoto ni mwajiriwa kama waajiriwa wengine, ana mshahara, na mshahara wenyewe haukutani na tarehe thelathini.

Kwa wageni: NBC walianza kuirusha Oktoba 10, 2012. Wabunifu ni Michael Brandt na Derek Haas, na juu yao yuko Dick Wolf. Kituo kinaitwa Firehouse 51. Kuna Truck 81, gari la ngazi, alikokuwa Casey. Kuna Squad 3, kikosi cha uokoaji, ndiko Severide anakotamba. Kuna Engine 51, gari la maji. Kuna Ambulance 61. Na kwa misimu mingi wote walikuwa chini ya Chifu Wallace Boden.

Epsodi ya kwanza kila mtu anakumbuka kifo cha zimamoto mwenzao Darden na jinsi Casey na Severide walivyoanza kurushiana lawama. Lakini pembeni kuna kisa ambacho wengi walikipita: benki imemnyang'anya Herrmann nyumba, naye anawakusanya mke na watoto wanahamia kwa wakwe zake. Hebu tulia hapo kidogo. Mwanamume mzima, mtaani watu wanampisha njia kwa heshima ya magwanda, jioni anarudi kulala ukweni. Hakuna ghorofa linaloanguka, hakuna muziki wa kutisha, ila aibu ile mtu wa huku kwetu haelezwi mara mbili. Na mwaka ni 2012, Wamarekani bado wanauguza mgogoro wa mikopo ya nyumba ulioanza miaka minne, mitano nyuma. Waandishi hawakuokota shida hewani.

Tangu hapo Herrmann ni mtu wa madili. Kila siku ana biashara mpya itakayomtoa kimaisha, na kila siku wenzake wanamcheka. Hapa kuna kitu lazima ukijue ndiyo sizoni ieleweke: Chicago zimamoto anafanya kazi saa 24 mfululizo, kisha anapumzika saa 48. Zile siku mbili za katikati ndipo maisha yanapotafutwa. Casey alikuwa anashika tenda za ujenzi. Herrmann akaungana na wenzake wa kituoni, Gabby Dawson na Otis, wakanunua baa, ikaitwa Molly's. Watazamaji wengi wanaiona Molly's kama mahali pa kupigia soga baada ya moto. Mimi naiona kama daftari la hesabu la familia moja. Kila glasi inayomiminwa pale kuna mtoto wa Herrmann anasubiri viatu vya shule.

(Kando kidogo: David Eigenberg, anayemcheza Herrmann, ndiye aliyekuwa Steve kwenye Sex and the City, na kule pia alikuwa mhudumu wa baa aliyefungua baa yake. Huyu jamaa akistaafu uigizaji ana taaluma nyingine tayari.)

Mwisho wa msimu wa kwanza ndipo walipoonyesha wanamjua mhusika wao. Moto gerezani, wafungwa wameasi, Herrmann amekwama ndani, na huku nje Cindy ameshikwa na uchungu wa mtoto wa tano. Mwandishi mvivu angempa Severide tukio lile, kwa sababu ni jepesi kwa Severide: misuli, ujasiri, anatoka. Walimpa mtu ambaye akifa kuna hesabu haitafungwa. Nilitazama nimesimama.

Halafu msimu wa 4. Cruz, zimamoto mwenzao, anamleta kijana anayeitwa Freddie, wanataka kumtoa kwenye magenge. Herrmann anamtania mbele ya watu, kama anavyomtania kila mtu. Ule utani unamchoma kijana, na kijana anamchoma Herrmann kisu. Alinusurika kifo chupuchupu, hadithi ikabidi ihamie mpaka Chicago Med, sizoni dada ya hospitali. Miaka yote ametoka salama kwenye moto, anakuja kulazwa na mdomo wake mwenyewe, ndani ya baa yake mwenyewe. Uandishi kama ule hauji kila wiki.

Nimeanza, karibuni mnipinge.

#2 kausha_damu

Nimekaa siti ya mbele, leteni karanga.

#3 Binti wa Makorora

Kaka Tandika, uzi mzuri ila umemwonea Severide wa watu. Eti hana gharama?

Mtu alianza sizoni ana jeraha shingoni, anaogopa kusema kwa sababu akisema atatolewa kazini. Anakaa na maumivu, anakula dawa za kutuliza, na anayempatia ni Shay, rafiki yake wa nyumba moja, mhudumu wa ambulansi ambaye angegundulika angepoteza kazi. Hiyo si gharama? Halafu huyohuyo Shay wakamuua mwanzoni mwa msimu wa 3. Sijawahi kuwasamehe. Mpaka leo mtu akianza kuitazama huwa namwambia furahia misimu miwili, baada ya hapo shika leso.

Na baba yake! Benny Severide, naye zimamoto, kila mtu kwenye idara anamjua, na kila mtu anajua alivyowatelekeza wake na watoto. Kelly, yaani Severide wetu, anaishi akimkimbia baba ambaye sura na kazi amemrithi. Benny akafa kwa kiharusi msimu wa 7 kabla hawajamaliza maneno yao. Aliyemcheza, Treat Williams, naye alifariki kwa ajali ya pikipiki mwaka 2023, kwa hiyo zile sehemu nikizirudia sasa zinanikaa vibaya zaidi.

Wewe unahesabu gharama za pesa tu. Kuna watu hawana deni benki na bado hawalali.

#4 Msee wa Eastlando

Huyo Severide mnayemlilia alioa Las Vegas msichana hata hakuwa amemjua wiki mbili tatu, hahaha. Buda alikuwa na huzuni sawa, lakini ile haikuwa huzuni, ile ilikuwa safari.

Mimi naona nyote mmekosea. Mtu wa 51 ni Boden. Hebu kumbukeni msimu wa 2, yule mama McLeod analetwa kupunguza gharama za idara, anataka kufunga kituo. Severide hangeweza kitu, Herrmann angepiga kelele tu. Boden alisimama hapo katikati kama mzazi, anaongea polepole na ile sauti yake, na kila mtu ananyamaza. Na mjue Eamonn Walker ni Mwingereza, mzaliwa wa London. Hizo "my house" zote anazosema ni Mwingereza anayeigiza Mmarekani. Alipoondoka mwisho wa msimu wa 12 akapandishwa kuwa naibu kamishna, nilijua kituo kimebaki yatima. Chifu Pascal aliyekuja ni mwigizaji mzuri, lakini bado namwona kama mgeni aliyekalia kiti cha mwenye nyumba.

#5 Zimamoto Mstaafu

Habari zenu vijana. Nimekaa na mipira ya maji maisha yangu yote ya kazi, kwa hiyo mtaniwia radhi nikianza kuongea kama darasani. Uzi huu umegusa jambo ambalo sizoni yenyewe hailisemi wazi, na linamsaidia mleta mada.

Mnapotazama, macho yanakwenda kwa Squad 3. Ni haki yake, kazi yao ni kuning'inia kwenye kamba, kukata magari, kuzamia. Truck 81 nao wana kazi ya kuonekana: kuvunja milango, kusimamisha ngazi, kutafuta watu, kupanda juu ya paa na kulitoboa ili moshi na joto vitoke. Engine 51 je? Engine inavuta mpira na kumwaga maji. Haina sifa. Ndiyo maana Herrmann alipopata uluteni akakabidhiwa Engine watu hawakushtuka.

Sasa niwape hesabu. Gari la maji la Marekani kwa kawaida hubeba galoni 500, yaani karibu lita 1,900. Mpira mmoja wa kushikwa mkononi unamwaga galoni 150 hivi kwa dakika, karibu lita 570. Gawanyeni wenyewe. Mnapata dakika tatu na kidogo, kwa mpira mmoja. Baada ya hapo tenki linalia. Ndiyo maana kazi ya kwanza ya watu wa Engine, kabla ya ushujaa wowote, ni kutafuta haidranti na kuunga. Na ndiyo maana popote duniani wananchi wakiona maji yamekatika katikati ya kazi wanapiga kelele kwamba gari limekuja tupu. Halikuja tupu. Lilikuja na dakika tatu, na ya nne lazima itoke barabarani.

Kuna jambo lingine watazamaji hawalijui. Wale wa Truck wakitoboa paa kabla maji hayajawa tayari chini, wameupa moto hewa. Chumba kilichokuwa kinafuka moshi kinaweza kulipuka chote kwa mara moja. Kwa hiyo Severide yuko ghorofa ya tatu anambeba mtu, Casey yuko juu ya paa na msumeno, na maisha ya wote wawili yameshikwa na mtu aliye chini anayepiga kelele "maji yako wapi!" Huyo ndiye Herrmann. Nilipoona wamempeleka Engine nikasema kuna mzee wa kazi aliwashauri. Na kweli yupo, mshauri wao wa ufundi ni Steve Chikerotis, afisa mwandamizi mstaafu wa idara ya zimamoto ya Chicago.

Wanapodanganya ni kwenye moshi. Moto wa kweli ndani ya nyumba hauonekani vile. Ni giza. Unatambaa, mkono mmoja ukutani au kwenye mpira, unasikiliza. Kwenye luninga wanawasha moto msafi wa gesi ili sura za waigizaji zionekane, na wakati mwingine mtu anavua barakoa ndani ili aongee maneno ya kuagana. Ukiivua barakoa mle unavuta kaboni monoksaidi, na kama kuna sofa na magodoro yanaungua, unavuta sianidi pia. Hotuba haitafika mwisho.

#6 kausha_damu

Mzee umeshusha nondo. Siku zote nilidhani wanabishana nani aingie kwanza kwa sababu ya ujeuri tu.

#7 Zimamoto Mstaafu

Ujeuri upo pia, usidanganyike. Engine na Truck kutaniana ni jadi, nchi zote.

#8 Mwana wa Tandika (mleta uzi)

Mzee wangu shikamoo. Umenipa silaha ambayo sikuwa nayo. Na hapo kwenye magodoro umenigusa, maana nilikuwa nataka kufika kwenye kifo cha Otis.

Mwisho wa msimu wa 7 wanaitwa kiwanda cha magodoro. Boila inalipuka. Msimu wa 8 unaanza Septemba 2019 na Otis yuko hospitalini ameungua, Cruz yuko kando ya kitanda, na Otis anamwambia kwa Kirusi kwamba atakuwa naye daima. Watu wote walimlilia Cruz, na ni sawa. Lakini fikirieni Otis alikuwa nani kwa Herrmann. Alikuwa mbia wake. Mwanahisa wa Molly's. Dawson alishaondoka Chicago, Otis amekufa, Herrmann anabaki nyuma ya kaunta ya baa ambayo watatu waliinunua pamoja. Kila anapofungua duka lile anafungua na majina mawili ambayo hayapo. Kuna sizoni nyingi zinazoua watu halafu wiki inayofuata maisha yanaendelea. Hii imetuachia jengo zima la kumbukumbu na mzee mmoja anayelifagia.

Dada Makorora, ya Shay nakubaliana na wewe moja kwa moja, sina ubishi. Ya Benny pia. Tofauti yangu na wewe ni hii: maumivu ya Severide yanamfanya apendeze zaidi. Kila akiumia kamera inamsogelea. Maumivu ya Herrmann yanamfanya achoshe, awe mkali, aropoke, aombe radhi, kisha aropoke tena. Mimi naamini zaidi maumivu ya aina hiyo ya pili.

#9 Kichwa Ngumu

Nimewasoma wote kwa subira. Sasa ngoja niharibu.

Herrmann ni mzee mwenye kelele ambaye waandishi wanamtumia vilevile tangu 2012. Akiletwa mtu mpya kituoni, Herrmann hamtaki. Dakika ya ishirini wanagombana. Dakika ya thelathini na tano kuna moto, mgeni anafanya la maana. Dakika ya arobaini wako Molly's, bia ya bure, karibu nyumbani. Ukiona mara tatu umeona zote.

Na ile hoja yako ya pesa, mleta uzi, inakufa mapema kuliko unavyosema. Misimu ya mwanzo, sawa, nyumba imechukuliwa, wanahesabu senti. Baadaye? Ana watoto watano kwenye jiji la Marekani, na shida ya pesa inajitokeza tu pale epsodi inapokosa la kufanya. Molly's imejaa kila usiku. Wangekuwa wakweli, ile baa ingekuwa imewafilisi au imewatajirisha. Imebaki pale pale kwa sababu seti ya baa ni rahisi kupigia picha. Mhusika anayelipa gharama kweli kweli ni Casey. Darden alikufa epsodi ya kwanza mwaka 2012, na Oktoba 2021, epsodi ya 200, Casey anaacha kazi, anaacha mwanamke anayempenda, anahamia Oregon kwenda kulea watoto wa Darden. Deni la miaka tisa limelipwa mbele ya macho yetu. Hiyo ndiyo gharama. Nyie mnaongea habari za ada.

#10 Msee wa Eastlando

Aiii, hii ya Casey imeingia. Mleta uzi jitetee.

#11 Mwana wa Tandika (mleta uzi)

Kichwa Ngumu leo umekuja na kichwa kweli.

Ya Casey ni nzuri, na ndiyo muagano bora kabisa wa sizoni ile. Lakini angalia: Casey amelipa deni kwa kuondoka. Ni tendo moja, kubwa, linapigiwa makofi. Herrmann analipa kwa kubaki. Anarudi zamu inayofuata, na inayofuata. Kuna mtu anaweza kutoa figo kwa rafiki na akashindwa kuamka saa kumi na moja kila siku kumpeleka mtoto shule.

Kuhusu pesa kupotea, mimi siisomi kama uzembe. Shida ilihama kutoka mfukoni ikaenda mwilini. Msimu wa 11 Cindy anagundulika ana saratani ya mapafu. Kumbuka nani ni zimamoto pale nyumbani. Miaka yote tunasubiri moshi umwangushe yeye, anayeenda kupumua moshi kazini, halafu ugonjwa wa mapafu unampiga mke anayebaki nyumbani. Hawakuliweka mdomoni mwa mtu, wakaliacha hapo. Na Herrmann, bwana wa mdomo, kwa mara ya kwanza anakosa la kusema. Anazunguka, anatafuta kitu cha kurekebisha kwa mikono. Aliyewahi kukaa kwenye benchi la hospitali anamjua mtu wa namna ile.

Na kuhusu wageni: umemsahau Ritter. Kijana mpole, hana makuu, shoga, anakuja kwenye Engine ya mzee wa kizamani aliyelelewa kwenye vituo ambavyo utani wake tunaujua. Ingekuwa kwa ile kanuni yako ya dakika arobaini, tungepewa ugomvi mkubwa na hotuba. Hawakufanya hivyo. Herrmann alimchukua kama mtoto wa kazi, akamfundisha, akamgombeza pale alipostahili kugombezwa. Basi.

#12 Mpiga box Illinois

Wakuu nawasalimu, mimi niko hukuhuku Chicago, nimeona niongeze ya mtaani.

Jengo mnaloliona kama Firehouse 51 ni kituo cha kweli, Engine Company 18, kiko Blue Island Avenue, upande wa kusini magharibi wa katikati ya jiji. Watu wanaenda kupiga picha nje, na zimamoto wa kweli wamo ndani wanaendelea na kazi. Molly's nayo ilianzia kwenye baa ya kweli, Lottie's, kule Bucktown. Mkija mtashangaa ni ya kawaida kabisa.

Angalieni kitu kingine mkitazama: magari ya zimamoto ya Chicago yana taa nyekundu kushoto na ya kijani kulia, kama meli. Ni desturi ya tangu enzi za kamishna Albert Goodrich aliyetoka kwenye familia ya meli. Miji mingine ya Marekani hamtaona sana kijani.

Na mjue hili jiji lina historia na moto. Mwaka 1871, Oktoba 8 hadi 10, karibu watu 300 walikufa na watu kama 100,000 wakabaki bila makazi. Moto ulianzia bandani kwa familia ya O'Leary, mtaa wa DeKoven, na kwa zaidi ya karne moja wakamsingizia mama wa watu kwamba ng'ombe wake aliipiga taa teke. Baraza la jiji lilimsafisha jina mwaka 1997, marehemu wa siku nyingi. Mahali pale pa banda leo ni chuo cha zimamoto. Kuruta anajifunza kuvuta mpira juu ya ardhi ileile. Tena 1910, Desemba 22, kwenye machinjio ya Union Stock Yards, ukuta uliwaangukia zimamoto 21 wakafa, akiwemo mkuu wao James Horan. Na 1958 ile shule ya Our Lady of the Angels, wanafunzi 92 na masista watatu. Wazee wa huku hiyo ya shule bado wanaizungumzia kwa sauti ya chini.

Kwa hiyo sizoni inapokuwa na maigizo mengi, wenyeji wanaisamehe. Kuhusu Herrmann: huku watu wa aina yake ni wengi. Zimamoto mwenye kazi ya pili huwezi kumkosa. Mmoja anapaka rangi nyumba, mwingine anaendesha basi la shule.

#13 Zimamoto Mstaafu

Asante sana kijana wa Illinois. Nikiongezea hapohapo kwenye magodoro niliyoanza nayo: maabara ya UL, ambayo nayo ilizaliwa Chicago mwaka 1894, ilichoma vyumba viwili kwa majaribio. Kimoja kina samani za zamani za mbao na pamba, kingine samani za kisasa za sponji na plastiki. Cha zamani kilichukua karibu nusu saa kuwaka chote. Cha kisasa hakikufika dakika tano. Sasa rudini kwenye ile hesabu yangu ya dakika tatu za tenki mtaona kazi ya Engine imekuwa ngumu kiasi gani tangu siku za babu zetu. Waandishi kuchagua kiwanda cha magodoro kumuulia Otis, hapo walifanya utafiti.

#14 Binti wa Makorora

Mimi bado niko kwa Severide, msinipeleke puta na sayansi zenu. Lakini Kaka Tandika umeandika "mpaka msimu wa 13" kule juu na hujafika huko. Malizia.

#15 Mwana wa Tandika (mleta uzi)

Nilikuwa naogopa kuwaharibia watu, ila nimeshatahadharisha.

Msimu wa 13 Herrmann yuko kwenye njia ya kupanda, anaandaliwa kuwa chifu. Kumbuka huyu ni yule aliyelala ukweni. Cheo kinamaanisha mshahara, pensheni nono, heshima, kila kitu alichokuwa anakifukuza na madili yake. Na kuna Mouch, rafiki yake wa miaka, ambaye watazamaji walimzoea kama mtu wa kochi na rimoti, ametaka uluteni na amefuzu, ila nafasi haipo.

Herrmann anaachia kiti chake cha luteni wa Engine 51 ili Mouch akikalie. Anarudi kuwa askari wa kawaida.

Ningekuwa natunga mimi ningeogopa, kwa sababu kwa mtu aliyekuwa anasaka pesa tangu siku ya kwanza inaonekana haiingii akilini. Nimeirudia nikaona inaingia. Alitaka pesa kwa ajili ya nyumba, na nyumba imekwishasimama, watoto wamekua, Cindy yuko hai. Hana tena sababu ya kupanda ngazi ambayo hakuipenda.

#16 Kichwa Ngumu

Hapo nakupa. Sio yote, lakini hapo nakupa. Ila usiniambie Cindy alifurahi kusikia mshahara umepungua.

#17 Binti wa Makorora

Hahaha, mke gani angefurahi! Mngetuonyesha kikao cha jikoni usiku ule, hiyo ndiyo epsodi ningeilipia.

#18 Msee wa Eastlando

Sasa kuna mtu hapa nyumbani ameanza kuitazama juzi, yuko msimu wa kwanza, anaona Herrmann ni mlevi wa madili tu. Nimwambie aruke hadi wapi ili aamini haya mnayosema?

#19 Mwana wa Tandika (mleta uzi)

Asiruke. Mwambie amalize msimu wa kwanza wote mpaka ile ya gereza. Akiona bado hajashawishika, aende ya kisu, mwishoni mwa 2015, na aunganishe na ile ya Chicago Med ya Januari 2016, maana akitazama moja bila nyingine ataachwa hewani. Misimu ya katikati anaweza kupunguza kasi, kuna epsodi za kujaza tu, hasa zile ambazo Severide anabadilisha wachumba.

#20 Binti wa Makorora

Nimekuona. Nakuja na uzi wangu wa Severide, na Mzee Zimamoto nakuomba uje unisaidie kwenye kamba na kuzamia.

#21 Zimamoto Mstaafu

Nitakuja, mwanangu. Ila kwenye kuzamia nitawakosoa sana.